Sauti ya Mzee wa Kona

Jumanne, 4 Februari

Bwana Nahodha,

Kifurushi chako kimefika. Kimeandikwa "Mzee wa Kona", na kwa kuwa nyumba hii haina mzee mwingine ila mimi, tarishi alinipa kalamu nikatia sahihi. Nimekifungua. Ni jezi ya njano yenye mistari myeusi, na mgongoni jina ni hilo hilo.

Nakuandikia kukujulisha kwamba mwenye jezi hayupo. Mwanangu alifariki mwezi uliopita, kazini kwake kwenye kiwanda cha uchapaji, mchana kweupe, akiwa amesimama mbele ya mashine. Moyo, walisema. Hakuwa ameugua. Asubuhi ile aliacha nusu kikombe cha chai, nami sikuona ajabu, maana kila siku aliacha nusu.

Naomba basi unieleze wewe ni nani. Nimewauliza wenzake wa kiwandani. Hakuna aliyewahi kusikia habari za timu. Mwanangu hakucheza mpira. Hakuna rafiki aliyewahi kupiga hodi hapa kumtafuta. Alikuwa mkimya, Bwana, mkimya wa kukutia wasiwasi. Ukiambulia maneno kumi kwake kwa siku, hiyo ni siku ya sherehe. Mtu wa namna hiyo anakuwaje mzee wa chochote, tena kwenye timu?

Jezi nimeikunja. Sijui niirudishe au ibaki. Jina lako na anwani nimevitoa mgongoni mwa kifurushi.

Ni mimi,
Mama yake


Jumapili, 16 Februari

Mama, shikamoo.

Pole sana. Barua yako ilinikuta kazini, nimejipenyeza nyuma ya jokofu la mteja. Niliisoma pale pale, nikabaki huko huko nyuma mpaka mwenye jokofu akaja kuuliza kama limenimeza.

Hatukujua, Mama. Tulidhani ametuacha.

Mimi si Bwana. Ni mwanamke, fundi wa majokofu, na hiyo timu niliianzisha mimi. Tunaitwa Manyigu. Ni timu ya mchezo wa kompyuta, watano kwa watano: wenzenu wana ngome, nanyi mna ngome, katikati kuna vyumba na vichochoro vingi, na kila mmoja anacheza akiwa nyumbani kwake. Tunavaa vifaa vya masikioni, tunasikilizana kama watu walioko chumba kimoja. Lakini hatujawahi kukutana. Kila mtu yuko mji wake. Kuna Kobe, karani wa ofisi ya maji. Kuna Daktari, ambaye si daktari, anauza dawa za mifugo. Kuna Pilipili, mwalimu wa watoto wadogo, na ukimsikia anavyowaka utawahurumia hao watoto. Mimi Nahodha. Na Mzee wa Kona.

Timu za namna hii, Mama, hufa kama inzi. Wakishinda vichwa vinavimba, wakishindwa wanatukanana, kesho yake hakuna mtu. Sisi tuna miaka tisa. Hatuna kipaji kuwazidi wengine. Tuna kanuni chache tu, na tunazifuata kama dawa: aliyekosea hujisema mwenyewe kabla hajasemwa, kila mechi tunarekodi sauti zetu, kesho yake tunasikiliza tulipoharibu, na hakuna kuondoka hewani bila kuaga. Hiyo ya kuaga aliileta mwanao. Kwa hiyo alipopotea bila neno, tulikasirika. Pilipili alisema maneno juu yake ambayo sasa hawezi kuyarudisha.

Unasema alikuwa mkimya. Mama, yeye ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Kila timu ina mtu mmoja anayeona uwanja wote na kuwaita wengine. "Kona ya kushoto, wawili, mmoja kajikunja kama mgonjwa wa tumbo, Kobe usiende, mwache aje." Aliongea tangu tunaanza mpaka tunamaliza. Alituchekesha mpaka tukashindwa kulenga. Alijua nyuma ya kila kona kuna nini, ndipo tukampa jina.

Jezi tuliziagiza kabla hajapotea; hiyo ni yake, ibaki kwako. Naweka namba yangu ya simu hapa chini, nipigie wakati wowote.

Nina swali moja, na naomba usinichukulie vibaya. Wewe ni mama yake mzazi?

Nahodha


Alhamisi, 27 Februari

Binti,

Marahaba. Nimekosea kukuita Bwana, unisamehe. Hata mimi kazini walikuja wanaume wakamtafuta "daktari" huku nimesimama mbele yao na glavu mkononi.

Swali lako la mwisho nimelisoma nikaiweka barua chini ya mtungi, ikakaa huko mpaka hasira ikapoa. Mzazi ni nini? Mimi ni mkunga mstaafu. Huyo mtoto nilimpokea kwa mikono hii, kitovu nikamfunga mimi, na mtu wa kwanza aliyemwona duniani ni mimi. Ukitaka ushahidi zaidi njoo uutazame mgongo wangu uliombeba. Kwa nini mtu amuulize mama mfiwa kitu kama hicho?

Simu sitaki. Nimeishi na simu ya wodi miaka yote ya kazi, na mpaka leo ikilia nasimama kabla sijajua nasimamia nini. Niandikie.

Haya mengine unayoniambia, nadhani mmekosea mtu. Labda kuna kijana mwingine aliyetumia anwani ya mwanangu. Wangu alinyamaza tangu alipofikisha miaka kumi na mitano hivi. Kabla ya hapo alikuwa kasuku. Halafu siku moja akafunga mdomo, kama mtu aliyemeza ufunguo. Nilidhani ni ujana. Nikadhani ni kwa kuwa baba yake wa kufikia ametuhama. Nikadhani ni zamu zangu nyingi. Nilimzoea hivyo. Tulikula hivyo, meza moja, vijiko tu ndivyo vinaongea.

Jioni nilikuwa nasikia mnong'ono kwenye ukuta wa chumba chake, na kicheko cha mtu. Nilijua ni redio anayoisikiliza kwenye ile mashine yake ya kompyuta.

Kama una sauti zilizorekodiwa kama unavyodai, nitumie. Nikisikia si yeye, nitakurudishia jezi yako, umtafute mwenyewe.

Mama yake


Jumatano, 12 Machi

Mama, shikamoo.

Lile swali nilikosea kuliuliza. Siku hizi matapeli wengi, nikataka kuwa na uhakika. Tafadhali lisahau kabisa.

Ndani ya bahasha hii kuna flash, kidude kidogo kama ukucha. Kama redio yako ina tundu pembeni, ichomeke humo, itaongea yenyewe. Huhitaji kuwasha mashine yake. Nimekuchagulia jioni chache nzuri. Imenichukua muda kwa sababu ilibidi nisikilize nyingi kwanza, na kusikiliza nyingi si kazi rahisi.

Nikueleze kitu kilichotokea wiki iliyopita. Tulirudi kucheza. Tulikuwa wanne, timu moja ya kirafiki ikakubali kupunguza mtu ili tulingane. Hakuna aliyekuwa anaita. Tulisema nitaita mimi, lakini sikuweza. Tukapita kichochoro kimoja tunachokijua, halafu ghafla wote wanne tukageuka kulia, kwa pamoja, tukafyatua. Adui alikuwa pale. Tukampata.

Pilipili akauliza, "Nani ameita?"

Akarudia kwa sauti ya juu:

"Jamani, nani kasema kulia?"

Kobe akasema, "Mimi nimegeuka kwa sababu nimesikia."

"Umesikia nini?"

Akasema tuagane. Tukaagana, mmoja mmoja, tukazima. Baadaye nilirudia rekodi yote. Hakuna sauti, Mama. Kuna pumzi zetu wanne, halafu risasi.

Nahodha


Ijumaa, 28 Machi

Binti yangu,

Ni yeye.

Redio iko sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Nilichomeka kile kidude, nikaketi na mchele wa kuchagua ili mikono iwe na kazi. Mwanzo nikasikia watu wanacheka, nikasema haya, hao ni wengine. Halafu mmoja akasema, "Nyie Manyigu, nani ameacha mlango wazi kama tumbo la ng'ombe?" Mchele ukamwagika wote. Sikuuokota mpaka kesho yake.

Ile sauti sikuijua, na niliijua. Kicheko ni kile cha ukutani. Miaka yote hiyo nilikuwa nasikia mwanangu anacheka, nami nasema redio.

Sasa nikulaumu kidogo, kwa upendo. Ungenionya. Katikati ya jioni ya pili kunatokea vurugu, mnapiga kelele, "Kobe amekufa! Daktari amekufa!". Halafu mwanangu, sauti imetulia kabisa, anasema: "Nimeshakufa mimi. Endeleeni. Nawaona wote kutoka huku." Pale pale kwenye kabati langu la vyombo. Niliinuka nikafungua mlango wa mbele, nikasimama nje mpaka jirani akaniuliza namngoja nani.

Nimefikiri baadaye kwamba ni mambo ya mchezo. Lakini nimeirudia sehemu hiyo kila siku tangu hapo. Nimekuwa kama mtu anayebonyeza kidonda.

Sasa jambo la pili. Mimi nimezalisha wanawake maisha yangu yote, na mwanamke anayeficha uchungu namjua akiwa bado langoni. Wewe umekata vipande. Mahali pamoja mmoja wenu, nadhani ni huyo Kobe anayevuta maneno, anamuuliza, "Na nyumbani kwenu, Mzee?" Mwanangu anavuta pumzi, halafu sauti inaruka, tayari mnazungumza habari za mashindano. Alijibu nini?

Usiniambie si kitu.

Mama yake


Jumatatu, 14 Aprili

Mama, shikamoo.

Unisamehe kwa ile ya "nimeshakufa". Katika mchezo ukipigwa unabaki hewani, unaona wenzako, unaweza hata kuwashauri, ila huna mikono tena. Tumeizoea mpaka hatuisikii. Niliposoma barua yako nikaisikia kwa mara ya kwanza.

Ni kweli nimekata. Pale alizungumza mambo ya nyumbani na Kobe, wakati sisi wengine tumetoka kidogo kupumzika. Mimi mwenyewe sikuwahi kuyajua mpaka nilipokuwa nakuandalia zile sauti. Niliona si yangu kuyapeleka. Bado naona hivyo. Usinilazimishe, Mama.

Timu inanivunjikia mikononi. Mashindano ya wasiolipwa yanaanza mwezi ujao na sheria inataka watano. Jina la Mzee wa Kona bado liko kwenye orodha yetu, na pembeni yake ile taa ndogo ya kijivu ya mtu asiyekuwepo. Nikiwasha mashine macho yananiendea pale. Nimepata mtu, binti mmoja fundi cherehani, anacheza vizuri na ana adabu. Tulimjaribu. Kila alipofungua mdomo kuita, Pilipili alimkatiza: "Mzee asingeita hivyo." Binti wa watu akamaliza jioni nzima anaomba radhi. Daktari ameaga, kwa kanuni kabisa, akasema, "Nahodha, kwaheri. Mimi siwezi kucheza na kiti cha marehemu kikiwa katikati yetu." Nikamwambia hakuna kiti. Akasema, "Kipo, na wewe ndiye unayekipangusa vumbi."

Nimekuwa mkali. Nawarudisha kwenye rekodi za zamani, nawaambia sikilizeni alivyofanya. Jana Kobe, ambaye miaka tisa hajanipandishia sauti, akaniambia, "Nahodha, tunafanya mazoezi ya matanga."

Sijui nakuambia haya kwa nini. Mama yangu mwenyewe hajui hata huo mchezo unaitwaje.

Nahodha


Jumamosi, 26 Aprili

Mwanangu Nahodha,

Nikianza na langu sitamaliza, kwa hiyo naanza na lako.

Nilipopewa kuongoza wodi nilikuwa na umri nadhani kama wako. Mwezi wa kwanza tukapoteza mama mmoja, kitanda cha dirishani. Wauguzi wangu wakawa hawakitumii. Wanawake wanalala wawili wawili, hicho kiko wazi, shuka limenyooshwa kama kaburi. Hakuna aliyetoa amri. Kilikuwa kinaogopwa tu. Na kadiri kilivyoogopwa ndivyo wodi ilivyonyamaza, na wodi ikinyamaza watu wanaanza kukosea. Siku moja akaja mjamzito mnene, mcheshi, uchungu umembana, nikamwambia panda hapo. Wauguzi wakanitazama kama nimekufuru. Yule mama akapanda, akatukana waume wote wa dunia kwa sauti, akajifungua mapacha. Baada ya hapo kikawa kitanda.

Hatukumsahau yule wa kwanza. Mimi namkumbuka mpaka leo, hata rangi ya kucha zake. Lakini kumkumbuka ni kazi yangu, si kazi ya kitanda.

Huyo fundi cherehani mwache aite kwa mdomo wake. Akikosea, akosee kwake. Na huyo Pilipili mwambie mama yake Mzee wa Kona amesema anyamaze. Daktari mwandikie, usimbembeleze, mwambie tu kiti kimepata mtu.

Sasa langu.

Uliniuliza kama mimi ni mama yake mzazi, nami nikakufokea kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo waziwazi. Yule mama wa kitanda cha dirishani alikuwa dada yangu. Mkubwa wangu. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Mtoto nilimpata, yeye damu ikagoma kukatika, na nilijua kabla daktari hajafika kwamba nimebaki na mmoja. Nilimchukua mtoto akiwa bado na joto la mama yake. Baba yake hakuwahi kujitokeza. Nikahama mji ule, na huku nilikohamia nikawa mama yake, basi. Sikumwambia. Kwanza alikuwa mdogo, halafu akawa na furaha, halafu akanyamaza, na kwa mtu aliyenyamaza unaanzia wapi?

Nimewaza usiku na mchana kwa nini ulikuwa na swali lile tayari, hata kabla hujanijua. Ni yeye aliyekwambia kitu. Basi alijua. Alijua tangu lini? Na kile kimya chote kile mezani, kilikuwa cha kunichukia?

Nitumie ulichokata. Mimi si mgonjwa. Nataka kujua nilikuwa nakula na nani.

Mama yake, kama bado naruhusiwa kuandika hivyo


Jumapili, 11 Mei

Mama yangu, shikamoo.

Flash nyingine iko ndani ya bahasha. Safari hii sikukata hata pumzi. Lakini nimeona nikuandikie pia maneno yenyewe, ili usiyapokee kwa masikio peke yako ukiwa umeketi mbele ya lile kabati.

Kwanza nikiri nilichojua mwanzoni. Alituambia sisi sote kwamba mama yake alikufa siku aliyozaliwa yeye. Ndiyo maana barua yako ya kwanza ilinipiga ganzi. Tena kuna jambo lingine. Mara nyingi katikati ya mechi tulikuwa tunasikia nyuma yake sauti ya mwanamke, kwa mbali, inafoka, "Zima hiyo mashine ukalale!" Tulimuuliza ni nani, anacheka tu. Pilipili aliapa kwamba nyumba ile ina jini. Miaka yote hiyo, Mama, kwetu sisi mzimu ulikuwa wewe.

Sasa, haya ndiyo yaliyokatwa. Anaanza Kobe.

"Na nyumbani kwenu, Mzee? Unaishi na nani?"

"Na mama."

"Si ulisema alifariki?"

"Huyo ni wa kwanza. Mimi ninao wawili. Wa kwanza nilimwua kwa kuzaliwa, wa pili hajui kama najua."

"Nani alikwambia?"

"Bibi mmoja wa ukoo, msibani. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kanishika kidevu akasema, 'Jamani, macho ya marehemu mama yako haya, aliyefariki akikuzaa.' Nikageuka, mama yuko nyuma yangu na sinia la vikombe, mzima wa afya. Hakusikia. Nikamtazama, nikamtazama, Kobe, nikasema huyu kanibeba miaka yote hii na wala si zamu yake."

Hapo anacheka kidogo. Kobe anamwuliza, "Mbona humwambii unajua?"

Nilipofika hapa mara ya kwanza nilidhani rekodi imekwama. Halafu:

"Nikimwambia ataanza kuniomba msamaha. Namjua. Atakaa chini alie aseme nisamehe mwanangu, na tangu siku hiyo ataniogopa. Ataniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Mimi sitaki mama wa kuniomba msamaha, mimi nataka mama wa kunifokea nikalale. Ila tabu ni kwamba nikifungua mdomo nyumbani, naona kama lile jambo litatoka lenyewe. Kwa hiyo nafunga. Huku kwenu ndiko namwagia yote."

"Ni mzigo, Mzee."

"Si mzigo. Ni kama kubeba yai mdomoni. Si zito, ila huwezi kuimba."

Ndipo Pilipili anarudi na kelele zake, na yeye anapaza sauti, "Haya, Manyigu, kona ya kushoto inanuka!"

Mama, mimi sijui la kuongeza.

Ya huku ni haya. Nilimpa fundi cherehani salamu zako zote, na Pilipili amri yako. Amenyamaza, ni muujiza. Jina la Mzee nimelitoa kwenye orodha kwa mkono wangu. Nilikaa na kidole juu ya kitufe mpaka kikafa ganzi. Mgeni anaita taratibu, kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa, na anakosea, na tunakosea naye. Daktari alijibu barua yangu kwa neno moja: "Nakuja." Mechi ya kwanza ya mashindano tulipigwa vibaya. Ya pili tukashinda kwa unywele mmoja. Kobe alilia hewani, tukajifanya mtandao unakwaruza.

Bado tunageuka, Mama. Kwenye kichochoro kile, sisi wanne wa zamani, mabega yanakwenda kulia kabla ya mgeni kusema. Juzi akatuuliza, "Mnamwona nani pale?" Kobe akamjibu, "Endelea kuita, dada. Wewe endelea tu kuita."

Binti yako,
Nahodha


Jumanne, 27 Mei

Mwanangu Nahodha,

Nimepokea. Nimesoma kwanza, nikasikiliza baadaye, kama ulivyotaka. Umefanya vema.

Sikulia pale ulipofikiri ningelia. Nililia kwenye sukari ya chai. Maana ni kweli, ningemwuliza. Ningemwuliza kila asubuhi mpaka akahama nyumba. Alivyonijua mtoto yule! Mimi niliyempokea nilikuwa sijamjua hata nusu, yeye alikuwa amenipima na kunishona.

Halafu nikafikiria tena meza ile. Miaka kumi na sita ya vijiko. Mimi namficha, yeye ananificha kwamba anajua ninachoficha, tunapitishiana chumvi. Nimejaribu kukasirika na sijaweza. Nimejaribu kufurahi, hilo nalo bado. Nimekuwa natembea chumba hadi chumba kama mtu aliyepoteza miwani.

Jana alasiri nikaingia kwake. Sikuwa nimeingia tangu mazishi ila kufungua dirisha. Mashine iko mezani, ile kamba ya masikioni imening'inia, kiti kimegeukia mlangoni kama alivyokiacha. Nje jua kali, mafundi wa jirani wanapigilia bati. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu, Nahodha. Nilikuwa nimeyapanga vizuri: habari za dada, habari za zamu ile, na mwisho wake nisamehe mwanangu.

Nikafungua mdomo. Nikakumbuka alichomwambia Kobe.

Nikayameza. Nikashika kizingiti nikapiga kelele, kwa sauti yangu ile ya wodini: "Wewe! Hebu zima hiyo mashine ukalale! Kesho utaamshwa na nani, na mimi si saa ya ukutani?"

Nyundo za kwenye bati zikanyamaza. Jirani akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta, "Mama, unamfokea nani mchana huu?"

Nikamwambia, "Mwanangu." Hakuuliza tena.

Nikangoja pale mlangoni. Hakujibu. Lakini huyo hata alipokuwa hai hakuwahi kujibu. Alikuwa anangoja mpaka asikie nimefika jikoni, ndipo azime.

Basi nikaenda jikoni.

Mama yake